Fundi wa Lifti Ajaribu Utawa

Siku nane nilikaa kule monasteri ya mwambani,
vyumba vimechimbwa jiweni kama matundu ya meno yaliyong'oka,
na Padre Ioane, ndevu zake zikinuka mafuta ya taa,
akanipa kamba ya sufu nyeusi, mafundo mia moja,
akasema: Malkhazi, sisi hapa tunalala mapema tu.
Siri nyingine hatuna.

Sikumsadiki. Nilishuka mlima na siri tele.

Nyumbani Tbilisi, ghorofa ya sita, majengo ya zege ya Gldani,
nikabandika ratiba kwenye mlango wa friji:
saa kumi na moja alfajiri, masifu;
saa sita mchana, sala fupi popote nilipo;
saa tatu usiku, kimya kikuu.
Eteri akaisoma, mtoto akimtafuna nywele begani,
akauliza: Na vyombo vinaoshwa saa ngapi?
Nikaweka kidole midomoni.
Basi akanyamaza.
Akanyamaza siku tatu,
na ule haukuwa ukimya wa watawa.

Kazi yangu ni lifti, zile kuukuu zinazokula sarafu.
Mkono mtupu haulambwi, na lifti zetu zimelielewa hilo:
tia sarafu kisandukuni, upande; huna, kuna ngazi.
Simu yangu hulia mara thelathini kwa siku.
Nilijiapiza kila mlio uwe kengele ya kanisa:
nivute pumzi, niseme Bwana, nihurumie, ndipo nipokee.
Mlio wa kwanza, sawa.
Wa pili, sawa.
Wa saba nilimtukana mtu aliyekosea namba.

Kisha ikaja Jumatano ya barafu.
Bibi Tsiala amenasa kati ya nane na tisa,
na gunia la viazi, na hasira za miaka themanini na moja.
Nikapanda juu ya paa la kile kisanduku, gizani,
grisi hadi viwikoni, waya zikilia kwa baridi.
Kifaa kimeungua. Zaza analeta kingine kutoka ghala,
na Zaza ni Zaza: dakika tano zake zina watoto na wajukuu.
Saa yangu ikaonyesha sita kamili.
Nikaitoa kamba mfukoni, nikashika fundo la kwanza.

We! Umekufa huko juu?
Niko, Bibi.
Basi sema kitu. Nyumbani kwangu hakuna anayesema.

Akanisimulia, kupitia tundu dogo kama la kuungamia,
habari za mwanawe aliyekwenda Ugiriki kuchuma machungwa,
namna anavyopiga simu Pasaka hadi Pasaka,
namna viazi hivi ni vingi kupita tumbo lake,
ila muuzaji humwita mama, kwa hiyo hununua.
Nilisema "ehe". Nilisema "kisha?"
Dakika hamsini, na kidole changu hakikusogea:
fundo la kwanza, fundo la kwanza, fundo la kwanza.

Zaza alipofika, lifti ikakohoa, ikapanda.
Bibi akatoka bila kunitazama,
akaniachia viazi vinne sakafuni
na sarafu moja, kwa ajili ya kushuka.

Usiku ule niliosha vyombo.
Sufuria ya ugali wa mahindi iliyoganda toka asubuhi,
chupa ya mtoto, ile brashi yake nyembamba,
kikombe cha Eteri chenye mdomo uliomeguka.
Sikuimba zaburi. Maji yalikuwa ya moto, basi.
Eteri akaja na kitambaa, akasimama kando yangu,
akafuta sahani moja moja, hatukusemezana,
na ukimya ule sikuweza kuuandikia saa.

Asubuhi nikakuta ratiba imetiwa kalamu.
Pale kwenye kimya kikuu, kwa mwandiko wake wa kuinama:
baada ya vyombo.

Simu bado inalia.
Mara nyingi laana hutangulia,
na sala hufuata nyuma ikichechemea,
imebeba viazi.